Kuvuka Uingereza kwa baiskeli na kiongozi: tathmini ya safari ya C2C

Safari za baiskeli za kuongozwa zinazouzwa katika vijiji vya Uingereza ni nyingi, na nyingi kati yake hupita kwenye vilima vya upole na mikahawa mizuri. C2C, njia ya baiskeli ambayo jina lake husomwa "sea to sea", ni habari nyingine. Inavuka kaskazini mwa Uingereza kutoka bahari hadi bahari, karibu kilomita 225 (maili 140), kuanzia Whitehaven au Workington kwenye Bahari ya Ireland hadi Tynemouth au Sunderland kwenye Bahari ya Kaskazini. Shirika la hisani la Sustrans liliizindua mwaka 1994, ina vibao vyake vidogo vya buluu karibu kila njia panda, na mtu mwenye ramani anaweza kuipita yote bila kumlipa yeyote. Kwa hiyo anayekuuzia safari hii pamoja na kiongozi, gari na vyumba lazima akupe kitu ambacho kibao hakiwezi kukupa.

Kuna vitu vitatu vinavyostahili pesa hapa: mgawanyo mzuri wa siku, gari linalojua pa kukusubiri, na baiskeli yenye gia za milimani. Kuonyeshwa njia kunakuja nyuma sana. Safari yenye hivyo vitatu ni miongoni mwa likizo bora za baiskeli unazoweza kununua Uingereza. Kikikosekana kimoja, utalipa ili usukume baiskeli kwa mkono.

Tuanze na siku, maana hapo ndipo matangazo yanapowapoteza watu. C2C huuzwa kwa siku tatu, nne au tano za kuendesha. Ya siku tatu inavutia kwa sababu usiku wa kulala ni mchache na bei inashuka. Lakini ukikata njia hii mara tatu, siku ya kwanza kwa kawaida inaishia Penrith, na siku ya pili inabeba mlima wa Hartside (mita 580), mpando wa Nenthead, kisha Black Hill, ambayo kwa mita 609 ndiyo sehemu ya juu kabisa ya njia nzima, na mara nyingi mlima mwingine baada ya Allenheads. Kilomita za siku hiyo zinaonekana chache kwenye karatasi. Miguuni si chache hata kidogo. Mtu anayeendesha kilomita 60 tambarare kila Jumapili bila shida atafika Nenthead akiwa amekwisha, na Black Hill bado iko mbele yake.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni wa siku nne: Whitehaven hadi Keswick, kama kilomita 50, Keswick hadi Penrith au Langwathby, siku nyepesi, siku ya tatu Hartside, halafu kulala Alston, Garrigill au Nenthead, siku ya nne Black Hill asubuhi miguu ikiwa imepumzika, kisha kushuka hadi baharini. Hiyo ya mwisho ni ndefu, zaidi ya kilomita 80, lakini nusu yake ya pili ni njia za reli za zamani zinazoteremka taratibu. Asiyezoea kukaa juu ya kiti cha baiskeli saa sita achukue siku tano na alale karibu na Consett. Kabla ya kulipa, omba ratiba yenye majina ya vijiji vya kulala. Ukijibiwa kwamba itategemea vyumba, tafuta mwingine.

Msomaji wa Nairobi au Iringa ataona mita 609 ni kitu kidogo, na kuhusu hewa yuko sahihi. Tatizo la huko ni ukali wa mwinuko. Barabara ya Kitonga imekatwa kwa kona ili malori yaweze kupanda. Vijia vya Cumbria, mkoa ambako njia inaanzia, vilifuata njia za mifugo na mikokoteni ya farasi, na vingi vinapanda mgongo wa kilima moja kwa moja. Kibao cha asilimia 20 maana yake kila mita tano za mbele unainuka mita moja. Vipande vya namna hiyo ni vifupi, lakini vinakuja baada ya kona bila kukupa nafasi ya kushika kasi.

Siku ya kwanza inatoka bandarini Whitehaven kwa njia ya reli ya zamani hadi Rowrah, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika kwa kwenda mbio. Baada ya ziwa Loweswater na kijiji cha Lorton kuna Whinlatter, mita 318, inayoanza kwa ukali tangu chini. Kiongozi mzuri husimamisha kundi Lorton, anawalazimisha watu kula na kuvua koti, kisha anamwacha kila mmoja apande kwa mwendo wake. Kiongozi anayejaribu kuliweka kundi pamoja kwenye mpando hajui kazi: wenye nguvu wanapoa na kukakamaa, wanyonge wanaendeshwa kupita uwezo wao. Mahali pa kukusanyika ni juu, kwenye kituo cha wageni cha msitu, ambako kuna mkahawa. Kushuka kuelekea Braithwaite ni kwa kasi na chini ya miti, kwa hiyo lami hubaki na maji hata siku ambayo jua limewaka tangu asubuhi.

Kutoka Keswick hadi Threlkeld kuna njia ya reli inayokatiza mto Greta mara kadhaa. Dhoruba iliyoitwa Desmond iling'oa madaraja yake Desemba 2015, na njia ilifunguliwa tena Desemba 2020 ikiwa na uso laini. Mwelekezo wa zamani wa safari unaokuonyesha mchepuko mrefu kwenye kipande hiki umepitwa na wakati. Baada ya Threlkeld kuna chaguo: kubaki bondeni sambamba na barabara kuu ya A66, au kupanda njia ya changarawe iitwayo Old Coach Road, inayozunguka upande wa juu wa bonde. Hii ya pili inapendeza sana kwa macho, lakini isipitwe kwa tairi nyembamba kuliko milimita 35, na gari la msaada haliwezi kuifuata. Kama kampuni inaitangaza kwenye picha, uliza kama baiskeli wanazokodisha ni za njia hiyo.

Hartside inahitaji maneno zaidi. Bonde la mto Eden pale Langwathby liko chini ya mita 100 juu ya usawa wa bahari, hivyo unapanda karibu mita 490 kwa kupitia vijiji vilivyo chini ya milima ya Pennine kabla ya kuungana na barabara ya A686. Si mlima mkali kupindukia. Ni mrefu, na sehemu ya juu haina mti wala ukuta wa kukukinga. Kwa kawaida upepo wa eneo hili hutoka magharibi na kusini-magharibi, na ndiyo sababu C2C huendeshwa kutoka magharibi kwenda mashariki: upepo unakusukuma mgongoni. Lakini mteremko huu una upepo wake wenyewe, Helm Wind, pekee Uingereza wenye jina. Hutoka kaskazini-mashariki, hupanda upande wa nyuma wa Cross Fell (mita 893), kisha huporomoka kwa nguvu kuelekea bonde la Eden, hasa mwishoni mwa majira ya baridi na katika majira ya kuchipua. Ukivuma, unakupiga usoni njia yote ya Hartside. Dalili yake ni wingu lililotanda kama ukingo juu ya mgongo wa mlima huku bondeni kukiwa shwari. Kiongozi anayelijua eneo hutazama huko kabla ya kifungua kinywa na kuamua kama gari libebe watu hadi juu.

Jambo lingine la Hartside: vitabu na tovuti za zamani zinakuahidi chai na keki kileleni. Mkahawa huo uliungua mwaka 2018. Panga maji na chakula kutoka Langwathby, au hakikisha gari liko juu likiwa na vitu vya moto. Wikiendi za kiangazi A686 hujaa pikipiki za wanaokwenda kasi kwenye kona, kwa hiyo ratiba inayoipita Hartside katikati ya wiki, au asubuhi na mapema, inakupa mlima tofauti kabisa.

Kosa la kawaida zaidi juu ya kilele ni kusimama na jasho, kupiga picha dakika kumi, kisha kuteremka. Juu kule kuna baridi kuliko bondeni kwa nyuzi tatu au nne hata siku njema, na mwendo wa kilomita 50 kwa saa unakausha jasho mwilini mpaka vidole vinakufa ganzi na kushindwa kubana breki. Koti livaliwe mara tu unapofika, kabla ya kunywa maji, na glavu zenye vidole kamili ziwe mfukoni hata mwezi Julai.

Baada ya kilele njia inaacha barabara kuu na kuingia kulia kuelekea Leadgate na Garrigill. Kupanda kutoka Garrigill hadi Nenthead ni kufupi na kukali sana. Wengi wanashuka na kusukuma, na hakuna aibu. Anayelala Alston anaweza kuukwepa mpando huo kwa kwenda Nenthead kwa barabara ya bondeni. Nenthead na Allenheads vilikuwa vijiji vya machimbo ya madini ya risasi, na mabaki ya migodi yako kando ya njia. Maduka ni machache, mtandao wa simu unapotea kwa vipindi virefu. Kundi likitawanyika hapa bila mtu wa nyuma, mwenye pancha anaweza kukaa saa nzima bila yeyote kujua.

Kutoka Rookhope kuna njia mbili za kufika kwenye uwanda wa juu: mteremko wa zamani wa mabehewa wa Bolts Law, wenye mawe na madimbwi, au barabara ya Stanhope na mlima wa Crawleyside, ambao ni lami lakini mkali. Kwa baiskeli za kukodi na kundi mchanganyiko, Crawleyside ndiyo sahihi: gari linaweza kuwa nyuma yako. Ukishafika juu, kazi ngumu imekwisha. Waskerley Way inafuata reli iliyofunguliwa mwaka 1834 kwa ajili ya kusafirisha mawe ya chokaa, na kwa kuwa treni haiwezi mwinuko mkali, unateremka kwa kilomita nyingi bila kuhisi. Utapita juu ya daraja la Hownsgill la mwaka 1858, lenye urefu wa zaidi ya mita 45 kutoka bondeni, kisha ufike Consett, mji ambao kiwanda chake cha chuma kilifungwa mwaka 1980.

Consett ndipo njia inapogawanyika. Ya Sunderland inapita sanamu kubwa za vyuma na ina wasafiri wachache. Ya Tynemouth inashuka na njia nyingine ya reli ya zamani, Derwent Walk, hadi mto Tyne, inapita chini ya madaraja ya Newcastle na lile la waenda kwa miguu na baiskeli la Gateshead, kisha inafuata njia ya baiskeli namba 72 hadi baharini. Kwa mgeni naona Tynemouth ni bora, kwa sababu kituo kikubwa cha treni cha Newcastle kiko karibu. Tahadhari ni moja: kando ya mto ndani ya mji kuna vipande vya chupa, na pancha nyingi za siku ya mwisho hutokea hapo, watu wakiwa wameshaanza kusherehekea.

Sasa baiskeli. Usikubali jibu la "ina gia 20". Idadi haikusaidii, ulizia gia nyepesi kabisa ina meno mangapi mbele na mangapi nyuma. Baiskeli ya meno 34 mbele na 28 nyuma husogea takriban mita 2.6 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ya meno 30 mbele na 34 nyuma husogea mita 1.9. Ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, ya kwanza inakulazimisha kwenda kilomita 9.4 kwa saa, ya pili 6.8. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 90 watahitaji wati kama 230 kwa mwendo wa kwanza na kama 165 kwa wa pili, bila kuhesabu upepo na msuguano. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anapanda akiwa kwenye kiti na nani anatembea. Tairi ziwe za milimita 32 hadi 38, na breki ziwe za diski, kwa sababu breki za kubana rimu hupoteza nguvu rimu zikilowa, na kulowa ni lazima.

Siku ya kukabidhiwa, jaribu baiskeli kwenye mwinuko halisi. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli, weka mnyororo kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma na utazame kwa karibu kile kibadilisha gia: kati yake na spoku lazima ubaki mwanya. Baiskeli zinazopakiwa garini hulazwa au kugongana upande wa kulia, na kile kipande chembamba cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia hupinda kidogo bila mtu kuona. Siku ya pili, unapoingia gia nyepesi mlimani, kibadilisha gia kinaingia kwenye spoku, na hapo umepoteza gurudumu, mnyororo na mchana mzima. Kagua hivyo kila baada ya baiskeli kushushwa garini. Kampuni makini hubeba kipande cha akiba cha kila aina ya baiskeli ilizonazo. Uliza kama kipo.

Uingereza wanaendesha kushoto kama Afrika Mashariki, na breki ya mbele iko mkono wa kulia. Waswahili waliozoea baiskeli za Ujerumani, Uholanzi au Marekani wataikuta kinyume, na kubana ya mbele kwa nguvu ukidhani ni ya nyuma kwenye mteremko kunakurusha juu ya usukani. Waambie mafundi wabadilishe kabla ya kuanza. Njiani utakutana pia na mabomba ya chuma yaliyolazwa barabarani kuzuia mifugo isipite. Yavuke ukiwa umenyooka, bila kukata kona na bila kugusa breki, maana yakilowa yanateleza kama yamepakwa mafuta. Baada yake tarajia kondoo katikati ya njia. Akiwa na mwanawe upande wa pili, atavuka.

Kwa gari na viongozi, kipimo changu ni hiki: viongozi wawili kwa kundi la watu wasiozidi kumi na wawili, mmoja akibaki nyuma siku zote, na dereva mwingine kwenye gari. Ikiwa kiongozi wa pili ndiye dereva, basi kwenye njia za reli, ambako gari haliingii, una kiongozi mmoja tu. Anayeongoza awe na cheti cha huduma ya kwanza na abebe mwenyewe tyubu, kiungo cha mnyororo na pedi za breki. Vikibaki garini, havikusaidii katikati ya Waskerley Way.

Baiskeli ya umeme ni chaguo la heshima kwa safari hii na linawaweka wanandoa wenye nguvu tofauti pamoja. Kwa sheria ya huko mota huacha kusaidia ukizidi takriban kilomita 25 kwa saa. Hartside peke yake, kwa mtu na baiskeli vyenye kilo 110, inahitaji karibu wati-saa 150 za kupanda tu. Mota ikibeba theluthi mbili, ukihesabu na kinachopotea ndani ya mota yenyewe, utatumia kama robo ya betri ya wati-saa 500. Kwa hiyo betri inatosha siku nzima ukiacha kiwango cha juu cha msaada kwa vipande vikali. Yako ya nyumbani usiifikirie: betri ya ukubwa huo hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria.

Malazi ni nyumba ndogo za wageni na baa za vijijini, safi na zenye ukarimu. Chakula cha jioni mara nyingi hakimo kwenye bei, na majiko ya vijijini hufungwa mapema, hivyo kundi likichelewa linalala na biskuti. Anayekula halali atangulize taarifa: kifungua kinywa kimejaa nguruwe, na kuanzia Keswick hadi Consett utategemea mayai, samaki, maharage na uji wa shayiri. Uji huo, kwa kweli, ndio chakula bora cha kupandia Hartside.

Mei hadi katikati ya Septemba ndio wakati wake, na Juni una mwanga wa takriban saa 17, kiasi kwamba hata mnyonge wa kundi hafiki gizani. Septemba ikianza, wakulima wanaruhusiwa tena kukata ua za miiba walizozuiwa kuzigusa tangu Machi, na vijia vinajaa miiba midogo inayopenya tairi. Ukienda wakati huo, beba tyubu tatu badala ya moja, na baada ya kila pancha pitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kuweka mpya, kwa sababu mwiba uliobaki utaitoboa hiyo nayo.

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya mgeni, kwa hiyo usilipe malipo yasiyorudishwa kabla ya kuipata. Kwa anayekuja na baiskeli yake kutoka London, treni za masafa marefu zinadai nafasi ya baiskeli iwekwe mapema, kwenda na kurudi. Zile ndogo za pwani ya Cumbria zinachukua baiskeli chache kwa anayewahi, hivyo kundi la watu wanne lisitegemee kufika Whitehaven kwa treni moja. Muulize muuzaji kama gari lake linapokea wageni Penrith au Carlisle, na kama siku ya mwisho linarudisha mizigo hadi kituo cha Newcastle au linaiacha Tynemouth. Hili la pili halipo kwenye ratiba nyingi, na mtu mwenye tiketi ya treni ya saa kumi na mbili jioni hujikuta na begi lake kilomita 14 kutoka kituoni.